Mrejesho: Kikinga upepo cha jiko la spiriti

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuzuia upepo usizime jiko langu dogo la spiriti, nikashauriwa kutengeneza kikinga cha alumini badala ya kubebana na mawe. Nimekitengeneza, na nimekitumia Saddle, kambi ya wapanda mlima Meru, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari.

Fundi bati mmoja hapa Arusha alitaka kuniuzia kipande cha bati la kuezekea, nikakataa kwa kuwa ni kizito na zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Nilichukua alumini nyembamba, nikaikata iuzidi mzingo wa sufuria kwa sentimita 10, ili ikikunjwa duara ncha zipandane na ibaki nafasi ya upana wa kidole kuizunguka sufuria.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutotoboa matundu. Moto ulikosa hewa, ukafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta. Nilipotoboa safu moja chini, upande usioelekea upepo, nusu lita ya maji ilichemka kabla spiriti haijaisha, jambo ambalo awali halikuwezekana.

Kwa aliyeuliza kuhusu jiko la gesi linalokaa juu ya mtungi: usilizungushie kikinga chote, kwani mtungi ukipata joto kupita kiasi unaweza kulipuka. Acha nusu wazi, na uuguse mara kwa mara. Ukiwa wa moto, zima.