Jirani hajanitukana hata siku moja, ila mjumbe kaniamuru MIMI niombe radhi

Wanajamvi, nisomeni mpaka mwisho, nina hasira na usiku sijalala.

Nyumba tuliyopanga ina wapangaji wanne, LUKU (mita ya umeme) moja, tunachangia. Mimi nina friji na pasi. Kama jirani anaona mchango wangu mdogo, si aje aseme? Hasemi. Kila asubuhi anafagia uwanja, akifika mlangoni kwangu anamgeukia kuku: "Shii! Kwenu huli mpaka uje kudonoa vya wenzio?" Kuku mwenyewe wa kwake, na kwangu hakuna hata punje iliyomwagika.

Nikanyamaza. Akanunua doti mpya, jina lake AKUFUKUZAYE HAKUAMBII TOKA. Mnaojua kanga mnajua maandishi yanapokaa mtu akijifunga kiunoni. Basi akija bombani lazima anipe mgongo, anakinga maji polepole mpaka nimalize kusoma herufi zote. Jumamosi tukaalikwa harusi, taarabu inapigwa. Ilipofika beti ya mtu mwenye roho ya kula vya watu, kainuka na noti mkononi. Njia ya kwenda kutunza ilikuwa katikati, nyeupe kabisa. Yeye kazunguka ukumbi mzima apite mezani kwetu, shingo upande, mdomo kaubetua.

Hapo nikashindwa. Jumapili nikamwambia mbele ya watu: "Wewe mnafiki, sema unachotaka!" Maneno manne tu.

Kanishitaki kwa mjumbe. Kwenye kikao anaongea kwa upole utadhani kalishwa asali: "Mimi nimetaja jina la mtu? Nilikuwa nafukuza kuku wangu. Au kuvaa kanga siku hizi kosa?" Wale waliokuwa wakibana vicheko bombani, wote siku hiyo hakuna aliyeelewa lolote. Mjumbe akanigeukia: "Mama, mbona unajishtukia?" Tusi lililopatikana kikaoni ni langu peke yangu. Nimeomba radhi.

Kinachoniuma zaidi, isimu nimeisoma chuo. Tulifundishwa Paul Grice, mwanafalsafa Mwingereza, na makala yake ya 1975: maana iliyodokezwa, msemaji anaweza kuifuta bila kujipinga. Kwenye mtihani nikatoa mfano wa mgeni anayesema "humu mna joto" ili dirisha lifunguliwe. Nikapata alama zangu, nikajiona bingwa. Lakini yule mgeni anafurahi akieleweka, dirisha likifunguliwa yameisha! Huyu wangu anataka nielewe vizuri kabisa, halafu siku nikionesha kwamba nimeelewa, nionekane mwendawazimu. Hilo hatukufundishwa.

Na msiniletee habari za "fumbo mfumbie mjinga". Nimeshaambiwa na mume wangu, naye kwa sasa hatuongei.

Leo asubuhi kanisalimia, kicheko hadi magego: "Umeamkaje shoga yangu?" Mpaka saa hizi nakaa nawaza alimaanisha nini.