Chanjo ya BCG hukaushwaje ikiwa barafu?

Mwanafunzi wa Famasia:
Ndugu wanajamvi, habari za leo. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika kliniki ya mama na mtoto, na nimeona kuwa kichupa cha BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na kile cha surua-rubela vina kibonge cheupe kikavu, ilhali matone ya polio huja yakiwa majimaji. Naambiwa chanjo hizo zilikaushwa kwa kugandishwa. Naomba kueleweshwa: barafu inakaukaje bila kuyeyuka kwanza, na kwa nini lisitumike joto tu?

Mfamasia wa Kiwandani:
Siri iko kwenye kanieneo ya hewa. Ikishuka chini ya paskali 611, maji hayawezi kukaa katika hali ya kimiminika, kwa hiyo barafu ikipata joto hugeuka mvuke moja kwa moja. Kiwandani, vichupa hupangwa kwenye rafu za mashine, vizibo vyake vya mpira vikiwa vimeingizwa nusu ili mvuke upate pa kutokea, kisha rafu hupozwa hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Hewa ikishafyonzwa, rafu huongezewa joto kidogo kidogo, kwa kuwa barafu haiwezi kugeuka mvuke bila kulipata, na mvuke huo huenda kuganda upya kwenye mirija yenye baridi kali zaidi. Hatua hii peke yake inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Baadaye joto hupandishwa ili kuondoa maji machache yaliyong'ang'ania kwenye molekuli, na mwishowe rafu zenyewe hushuka na kuvikandamiza vizibo kabla mlango haujafunguliwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipande cha ufundi kinachopendeza kuliko vyote.

Kukausha kwa joto kungewaua bakteria hai wa BCG. Isitoshe, kimiminika kinachokaushwa kwa joto husinyaa na kuacha gamba gumu, ilhali barafu inapotoka huacha vitundu vingi mithili ya sifongo, ndiyo maana kibonge hunywa maji mara moja. Lakini mwendeshaji akiwa na haraka hulipia: dawa iliyotiwa sukrosi (aina ya sukari) ikipata joto zaidi ya nyuzi 32 hivi chini ya sifuri kabla barafu haijaisha, kibonge hulegea na kubonyea.

Mzee wa Maabara:
Niongeze historia kidogo. Chanjo ya ndui ya majimaji ilikuwa ikiharibika upesi katika nchi za joto. Katika miaka ya 1950 Leslie Collier, wa Lister Institute nchini Uingereza, aliboresha njia ya kuikausha kwa kuitia peptoni (protini iliyovunjwavunjwa), na chanjo hiyo kavu ikaweza kustahimili joto kwa miezi mingi. Ndiyo iliyobebwa vijijini katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Mwanafunzi wa Famasia:
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Kama ni imara kiasi hicho, mbona tukishachanganya tunaambiwa tumwage zikishapita saa 6?

Muuguzi wa Chanjo:
Kwa sababu uimara ule ulitokana na kukosekana kwa maji, nawe umeyarudisha. Vijidudu vya chanjo huanza kufa, na bakteria wa nje wakiingia kwa sindano watazaliana, kwani chanjo hizi hazina dawa ya kuwazuia. Basi mwisho ni saa 6 tangu kuchanganya au kufungwa kwa kliniki, lolote litakalotangulia. Tumia maji ya kuchanganyia ya mtengenezaji yuleyule, tena usiyagandishe, maana chupa yake hupasuka. Vichupa vikavu vyenyewe havidhuriki vikiganda. Ni Penta, ile chanjo ya majimaji ya kukinga magonjwa matano, inayoharibika kabisa ikiganda, kwa hiyo unapopanga friji angalia sana hiyo isigusane na barafu.