Nataka kusoma Kichina chuo kikuu, mzee anataka Sheria. Naombeni ushauri

Binti wa Korogwe:
Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL na nimefaulu vizuri. Mzee anataka nikasome Sheria. Moyo wangu uko kwenye lugha na utamaduni wa Kichina. Shuleni tulikuwa na klabu ya Kichina, nikaendelea mwenyewe kwa simu, sasa nina HSK 2, yaani ngazi ya pili ya mtihani wa Kichina kwa wageni. Kinachonivuta zaidi ni mwandiko: nikiona herufi yenye alama ya maji au ya moyo ndani yake, nataka kujua ilikotoka.

Mzee ana hoja ambazo siwezi kuzipuuza. Anasema Wachina wenyewe wanajifunza Kiswahili, sasa watanitafuta mimi kwa lipi? Tena anahofia nimalize chuo na deni la mkopo, halafu nikae nyumbani. Waliopita huko nisaidieni: kozi ikoje kwa ndani, nisome hapa au niombe ufadhili wa China, na kazi zipo za namna gani?

Mkalimani wa Ubungo:
Mdogo wangu, hongera sana. Mimi Kichina ndiyo shahada yangu na ndicho kinachonilisha. Ni mkalimani kwenye miradi ya ujenzi.

Mwaka wa kwanza ni masikio na ulimi. Kiswahili hakina toni, yaani sauti kupanda au kushuka na kubadili maana ya neno, kwa hiyo wengi wetu tunateseka. Kununua na kuuza kwa Kichina ni silabi ileile, "mai", tofauti ni toni tu. Ukikosea kwenye meza ya biashara umegeuza maana yote. Usikubali kuvuka mwaka huo toni zikiwa zinayumba, maana baadaye hazirekebishiki kirahisi. Sarufi haitakutisha: kitenzi hakinyambuki wala hakibadiliki kwa nafsi, na yale maneno ya kuhesabia vitu, moja la vitu bapa, jingine la vitu vyenye mpini, anayejua ngeli anayaelewa haraka. Mzigo mkubwa ni herufi. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ina 3,500, na hakuna njia ila kuandika kwa mkono kila siku.

Sasa kazi. Kwa ngazi sita tulizozizoea, HSK 4 ni maneno 1,200, ya 5 ni 2,500, ya 6 ni 5,000. Wengi wanahitimu wakiwa kwenye ya 4, na hao ndio unaosikia hawana kazi. Kwa ngazi hiyo utasafiri na kuagiza chakula, lakini kikao cha mkataba kitakushinda. Kwenye mradi unakaa katikati ya fundi anayedai malipo ya saa za ziada na msimamizi asiyetaka kukataa mbele za watu. Anasema "tutalitazama", na wewe lazima ujue kwamba hapo amekataa, kisha umfikishie fundi bila kuwasha moto. Hapo ndipo utamaduni uliosoma darasani unapokuwa mshahara wako.

Mama Nguo K/koo:
Mwanangu, mimi nafuata mzigo China, Guangzhou na Yiwu, miaka mingi. Sijasoma Kichina. Nina kikokotoo, simu inatafsiri, na wakala ninayemwamini. Msikilize baba yako, soma Sheria, Kichina kiwe cha pembeni.

Ila nitasema na la haki. Mzigo wenye kasoro ulipotugombanisha na kiwanda, simu haikufua dafu. Nilimlipa mkalimani, na alistahili kila shilingi.

Mwalimu Mstaafu:
Binti, mweleze mzee hivi. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Wenzetu wana watu wanaotusoma sisi kwa lugha yetu kwa zaidi ya miaka 60. Sisi tunao wangapi wanaowasoma wao? Hiyo hoja yake inakuunga mkono wewe.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na makaburi ya Wachina waliofia kazini yako Gongo la Mboto. Nyuma zaidi, mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China wa ukoo wa Ming, na vigae vya kauri za China vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Pwani yetu imeandikwa kwa Kichina, na sisi tunasubiri wengine watusomee. Ningependa kabla sijafa niione kazi ya Mtanzania aliyeyasoma maandishi hayo mwenyewe.

Nipo Hangzhou:
Kuhusu ufadhili wa serikali ya China: kwa shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 25. Ule kamili unabeba ada, malazi, bima na yuani 2,500 kwa mwezi. Masomo ni kwa Kichina, na wasio na ngazi inayotakiwa hupewa kwanza mwaka wa maandalizi. Maombi huanza mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo andaa pasipoti na vyeti mapema.

Angalizo: fani ya lugha ya Kichina huku mnasoma wageni watupu. Usipotafuta marafiki Wachina utamaliza ukiongea Kiingereza bwenini. Nyumbani, UDSM na UDOM zina Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina, tangu 2013, ila angalia vizuri mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU): kozi fupi yenye cheti si shahada.

Binti wa Korogwe:
Nimemsomea mzee yote, ameguswa na habari ya reli, babu yetu aliifanyia kazi. Anauliza, hivi vyote viwili haviwezekani, Sheria na Kichina?

Mkalimani wa Ubungo:
Vinawezekana, ila si kwa uzito mmoja. Sheria ni miaka minne ya kusoma usiku na mchana. Kichina cha jioni kitakuacha HSK 3 au 4, halafu itabidi utafute mwaka mzima wa lugha China. Anayeweza njia hiyo atakuwa mtu adimu sana. Kwa mapenzi uliyonayo na hizo herufi, mimi ningechukua Kichina kama shahada, na kozi za hiari nikazielekeza kwenye sheria ya mikataba.

Kabla hujaomba, nenda chuoni na mzee wako. Ulizeni wahitimu wa mwaka jana walifika HSK ngapi, kama kuna muhula wa kusoma China na nani anaulipia, na ombeni kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, nenda chuo kingine.