Supavaiza kamwaga siri ya ugonjwa wangu kazini, nimshitaki kwa sheria ya HIPAA?

Mbeba_Maboksi: Habari wakuu. Niko Columbus, Ohio, napakia mizigo kwenye ghala moja mwaka wa tatu huu. Juzi naingia breki mtu ananiuliza mbele ya meza nzima eti sindano ya sukari unajichoma tumboni au pajani, niliishiwa nguvu maana pale sijamwambia yeyote, kufuatilia kumbe supavaiza ndo kasema. Silali. HIPAA si inalinda siri za mgonjwa? Halafu nataka kuhamia kampuni nyingine, bima mpya si itanikataa?

Nesi_wa_Zamu: Pole kaka. Supavaiza alijuaje?

Mjomba_Tandika: Bima isikutishe. Mimi 2008 nilihama kazi nikakaa miezi mitatu bila bima, wakati ule ukipitisha siku 63 mpya inaweza kugoma kulipia ugonjwa wa zamani, basi presha yangu haikulipiwa mwaka mzima, nikawa nakata vidonge nusunusu. Tangu 2014 hawaruhusiwi.

Mama_Swaumu: Kisukari si aibu mwanangu. Kaa na huyo mzungu muongee, na soda uache.

Nesi_wa_Zamu: Hujanijibu, alijuaje?

Mbeba_Maboksi: Nilimtumia mwenyewe picha ya barua ya daktari WhatsApp, niruhusiwe kula katikati ya shifti. Lakini nilimpa kama bosi, sio akatangaze! Na barua ya kuacha kazi nshapeleka, mwisho Ijumaa. Siwezi kukaa watu wananichora.

Nesi_wa_Zamu: Basi HIPAA haimgusi. Inabana hospitali, famasi, kampuni za bima na wanaowashughulikia mafaili yao. Mimi nikichungulia faili lako bila sababu nimekwisha, ila mwajiri kama mwajiri hayumo. Wewe shika ADA ya 1990, sheria ya wenye ulemavu, kama pale mko wafanyakazi 15 kwenda juu: ulichotoa kuombea ruhusa kilitakiwa kibaki siri. Peleka EEOC, ile tume ya serikali ya ubaguzi kazini, usipitishe siku 180. Bima mpya inaanza lini?

Mbeba_Maboksi: Baada ya siku 90. Nina kalamu mbili za insulini. Mke wangu ana bima kazini kwake ila huko sitaki, hajui kama naumwa.

Kiroboto: Chai hii. Mke yupo ndani hajui unajichoma? Hizo kalamu zinalala friji gani?

Mama_Swaumu: Hata mi nimeshtuka.

Mbeba_Maboksi: Sijatunga. Mke kaja mwaka jana. Kalamu ninayotumia inakaa mfukoni, nyingine friji ya binamu. Najichoma kwenye gari, hata Januari na ile baridi.

Mjomba_Tandika: Kiroboto muache. Mimi presha nilimficha mama watoto miaka minne.

Nesi_wa_Zamu: Kaka sikiliza, ile P ya HIPAA mnayodhani ni ya siri (privacy) ni ya kuhama na bima (portability). Ukipoteza bima, HIPAA hiyohiyo inakupa siku 30 kuomba kuingia kwa mkeo, hamsubiri msimu wa kujiandikisha. COBRA ipo, ya kubaki na bima ya kazi unayoacha, una siku 60 za kuamua, ila malipo yote juu yako mpaka asilimia 102. Kalamu mbili hazifiki siku 90.

Mbeba_Maboksi: Nikiingia kwake atajua?

Nesi_wa_Zamu: Karatasi za malipo kwa kawaida zinakuja kwa jina la mwenye bima. Mwambie kabla hazijafika.

Mbeba_Maboksi: Yuko shifti ya usiku. Anatoka saa moja asubuhi.