Kushusha nyuma ya pikapu: nitoe pleti, niweke bloku au springi zichomwe gesi?

Tenga_la_Mgeta:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijampa fundi gari keshokutwa. Nina Hilux ya kebini moja, ile ya kuvuta tairi za nyuma tu siyo foo wili, nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anabebea tofali na mchanga. Sasa nyuma imenyanyuka mpaka ukiiangalia kwa pembeni unaona kabisa inainamia mbele. Nimepima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa bodi, mbele sentimita 47 nyuma 58. Mimi nabeba nyanya na hoho kutoka Mgeta kuja Morogoro mjini, na nyuma ni ngumu kama jiwe, nikifika sokoni matenga ya chini yanavuja maji. Nikirudi bila mzigo ndo usiseme, kila tuta inaruka mpaka chupa ya maji inatoka kwenye siti.

Nimeuliza mafundi watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema springi zichomwe gesi zilegee, kazi ya nusu saa. Wa pili anasema tuweke bloku za nchi 2, vile vipande vya chuma vya kati ya springi na ekseli. Wa tatu anasema tutoe pleti, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa pamoja kuwa springi. Nifuate lipi? Halafu kuna kitu kingine sijui kama kinahusiana, pedi za breki za mbele zinaisha haraka sana, na nikishuka na mzigo ile milima gari inachelewa kushika.

FundiChesesi:
Mkuu huyo wa kuchoma gesi mkimbie leo hii. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa moto wa kipimo chake, ndo maana kinapinda na kurudi. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu ule ugumu unaondoka, springi inashuka kweli siku hiyo, na inaendelea kushuka kila ukipakia, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, mwisho pleti inakatika ukiwa barabarani na mzigo. Nimeshabadilisha nyingi za hivyo, zinakatikia palepale palipochomwa.

Ingia chini na tochi uhesabu pleti. Aliyekuwa anabeba tofali lazima aliongeza. Za kuongezwa utazijua, kutu yake haifanani na wenzake na ncha zake mara nyingi zimekatwa kwa gesi, zina meno meno, hazikulainishwa. Hizo ndo zinyofolewe. Ila usikubali atoe ile nene ya chini kabisa iliyonyooka, hiyo gari ikiwa tupu haifanyi kazi kabisa, inasubiri mzigo. Ukiitoa gari haishuki hata kidole na uwezo wa kubeba umeupoteza.

Angalia pia vile vyuma viwili vya nyuma vinavyobeba mwisho wa springi kwenye chesesi, kama aliweka virefu rudisha vya kawaida. Vikiongezwa nchi 2 gari inapanda kama nchi 1.

Kijana wa Ilala:
Bloku siyo mbaya kaka lakini angalia kwanza springi imekaa wapi. Kama springi iko CHINI ya ekseli, bloku ikiingia katikati yao gari inashuka. Kama springi iko JUU ya ekseli, bloku hiyohiyo inakunyanyulia gari, nimeona mtu kalipa hela ashushiwe gari ikatoka gereji ndefu kuliko ilivyoingia. Na ukiweka bloku bila kutoa pleti ugumu unabaki uleule maana hujagusa springi, umesogeza ekseli tu, nyanya zako zitaendelea kupondeka. Kwa shida yako wewe bloku haikusaidii.

MamaFuso:
Wanangu mmejibu vizuri ya springi, mimi nataka niongelee breki maana hapo ndo pana roho za watu. Mwanangu Tenga, hizo pedi na huko kuchelewa kushika vinahusiana kabisa na huo urefu. Chini ya Hilux nyingi kuna valvu ya breki za nyuma imefungwa kwenye chesesi, ina kafimbo kanakwenda mpaka kwenye ekseli. Kazi ya kafimbo ni kupima mzigo. Bodi ikishuka kwa mzigo, valvu inaruhusu breki nyingi ziende nyuma. Bodi ikiwa juu, inapunguza, ili tairi za nyuma zisikwame gari ikiwa tupu. Sasa yako ilinyanyuliwa, umepakia matenga na kafimbo bado kanaiambia valvu gari ni tupu, kwa hiyo mbele ndo inafanya kazi yote.

Na kinyume chake ni kibaya vilevile. Mimi pikapu yangu ilishushwa kwa bloku fundi hakugusa hicho kitu. Siku ya mvua niko tupu nashuka Kimara, nikakanyaga breki kidogo tu, nyuma ikafunga tairi zote mbili na gari ikageuka ikatazama nilikotoka. Hakuumia mtu, Mungu mkubwa, lakini mpaka leo nikipita pale mikono inatoka jasho. Kwa hiyo ukimaliza springi, kafimbo karekebishwe kwa urefu mpya siku hiyohiyo, kabla hujatoka gereji. Na taa pia, nyuma ikishuka taa za mbele zinanyanyuka, utawachoma macho wenzio.

FundiChesesi:
Mama umemaliza. Niongeze moja tu la kufunga. Ukitoa pleti mbili, yubolti za zamani, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zinakuwa ndefu, nati inafika mwisho wa uzi inagoma, fundi anasema imekaza kumbe springi haijabanwa. Nunua mpya za urefu unaofaa, na ile bolti ya katikati pia fupi yake, kichwa chake lazima kizame kwenye tundu la ekseli, kisipozama ekseli inahama na gari inatembea upande kama kaa. Bolti za bushi, zile raba za kwenye ncha za springi, zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, siyo ikiwa inaning'inia kwenye jeki, la sivyo bushi zinajisokota na kuchanika mapema. Ukishabeba mzigo safari mbili tatu rudi ukaze yubolti tena.

Tenga_la_Mgeta:
Nimerudi wakuu, imechukua wiki. Pleti zilikuwa 7 kila upande, 2 ni za kuongezwa, ncha zina meno meno kama alivyosema FundiChesesi. Tumezitoa, yubolti na bolti za katikati mpya. Sasa nyuma iko sentimita 52, imeshuka 6, na bado iko juu kidogo ya mbele ambayo naona ni sawa kwa gari ya mzigo.

Mama, kile kafimbo tumekikuta hakijashika hata ekseli. Kilishachomolewa, kimefungwa kwenye chesesi na waya wa nondo! Nimeendesha miezi minne hivyo na matenga nyuma. Fundi amekirudisha na kukipima, jana nimeshuka Mgeta na mzigo kamili nikakanyaga breki nikahisi nyuma inashika, gari imekaa chini. Tenga lililoharibika ni moja tu, la pembeni. Taa bado, naenda kesho asubuhi.

MamaFuso:
Nenda asubuhi kweli mwanangu, usiku usitembee nayo hivyo. Na huo waya usiutupe, kamuonyeshe aliyekuuzia.