Picha za kuchapa zenye "dua za ubinafsi": zilitengenezwaje, na sisi tufanyeje za kwetu?

maalim_wa_rangi (Unguja Mjini)

Assalaam alaykum wadau. Nafundisha sanaa skuli ya sekondari hapa Mjini. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanataka kutengeneza jalada la picha nane za kuchapa kwa ajili ya maonyesho, na wazo wamelipata kwenye picha za kejeli za Kiingereza ambazo mtu wa kazi fulani anaonekana akiomba dua inayomnufaisha yeye tu. Ile iliyowavutia zaidi ni ya muuza dawa anayemlilia Esculapius, mungu wa uganga wa Wagiriki wa kale, amteremshie homa kali na mafua sugu mtaani kwake, la sivyo atafunga duka.

Naomba wajuzi mnieleze zilitengenezwaje, kitu gani hasa kinazifanya zichome, na vipi tuzifanye wenyewe bila ya mashine na bila ya tindikali. Vilevile kuna picha ya aina hiyo inauzwa duka la vitu vya kale kwa maelezo kwamba ni ya zamani kweli. Nitajuaje? La mwisho ndilo linalonitia wasiwasi: dua kwetu si kitu cha mchezo.

shaba_na_wino

Waalaykum salaam maalim. Hiyo ya muuza dawa ni ya 1801. Aliyeibuni ni George Moutard Woodward, aliyechonga bamba ni Thomas Rowlandson. Ndiyo maana chini ya picha za wakati ule mara nyingi kuna majina mawili: linalofuatwa na "del." au "inv." ni la mchoraji au mbunifu, na lenye "sculp." ni la mchongaji. Jina la muuzaji na tarehe vipo kwa sababu ya sheria ya Uingereza ya 1735 iliyopiganiwa na mchoraji William Hogarth na wenzake: bila ya kuandika hivyo kwenye bamba, hukupata kinga dhidi ya wanaoiba michoro.

Utengenezaji wenyewe ulikuwa hivi. Bamba la shaba linasuguliwa mpaka ling'are, linapashwa moto, kisha linapakwa mchanganyiko wa nta, lami na utomvu wa mastiki, tabaka jembamba sana. Linafukizwa kwa moshi wa mshumaa liwe jeusi, ili sindano ikipita mstari uonekane unameta. Sindano haichimbi shaba, inafunua tu. Kazi ya kuchimba inafanywa na tindikali ya naitriki iliyozimuliwa kwa maji. Pembezoni hujengwa ukingo wa nta ili bamba liwe kama sinia, tindikali inamiminwa, na vipovu vinavyotoka kwenye mistari vinafagiliwa kwa unyoya. Usipovifagia, pale kilipokaa kipovu tindikali haifiki vizuri na mstari unatoka umekatika katika. Mistari inayotakiwa iwe laini inawahi kufunikwa kwa vanishi, iliyobaki inarudishiwa tindikali ili iingie ndani zaidi. Tindikali ikiwa kali mno inabanja lile tabaka la nta na bamba linajaa madoa ambayo hayakuchorwa.

Baada ya hapo nta inaondolewa, wino mzito unasukumizwa ndani ya mistari, na uso wa bamba unafutwa kwa chachi ngumu kisha kwa kiganja. Karatasi lazima iwe na unyevu. Bamba na karatasi vinapita katikati ya roli mbili chini ya blanketi, na karatasi inaingia mpaka ndani ya mistari kuufuata wino. Rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya moja.

Hapo ndipo penye jawabu la duka la vitu vya kale. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona rangi zimetengenezwa kwa vitone vidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya mashine za kisasa, usipoteze wakati. Picha iliyotoka kwenye bamba ina mistari iliyoinuka kidogo juu ya karatasi, na ukizunguka mchoro kuna mbonyeo wa pembe nne ulioachwa na ukingo wa bamba (ila kama karatasi imekatwa ndani ya ukingo huo). Rangi yake inavuka mstari hapa, haifiki pale, kwa sababu ni brashi ya mtu. Halafu iinue karatasi kwenye mwanga. Watengeneza karatasi wa Uingereza walianza kutia mwaka ndani ya karatasi kwenye miaka ya 1790. Picha ikiandikwa 1801 na karatasi ikasema 1817, bamba ni la kweli lakini nakala ilichapwa baadaye. Jambo hilo ni la kawaida kabisa: Thomas Tegg, muuza picha wa Cheapside, London, alikuwa akinunua mabamba ya wenzake na kuyachapa upya kwa bei rahisi. Si bandia, ila thamani yake ni ndogo na mistari yake huwa imefifia.

mwana_wa_wete

Nijibu hilo la kinachochoma, kwa sababu wengi wanadhani ni sura mbaya na tumbo kubwa.

Muuza dawa yule si mjinga wala hana tusi mdomoni. Anaomba kwa adabu, kwa unyenyekevu, na hesabu yake ni sahihi: wagonjwa wakikosekana, yeye hali. Msomaji anamfuata hatua kwa hatua, anakubali, ndipo anashituka amekubali nini. Kwa hiyo msimtukane mtu wenu. Mwacheni aseme mwenyewe, na aombe kitu kidogo, cha kiasi. Akiomba dunia nzima iugue, ni jini la hadithi. Akiomba homa mbili tatu kwenye mtaa wake, ni mtu tunayemjua.

Fikra hii ni ya kale kuliko Waingereza. Mwandishi Lucian wa Samosata, karne ya 2, alimwandika Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki, amekaa kwenye matundu yenye vifuniko, anafungua moja moja kusikiliza: baharia huyu anataka upepo wa kaskazini, yule anataka wa kusini, mkulima anaomba mvua, dobi anaomba jua. Aesop, mtunzi wa hekaya wa Kigiriki, naye ana baba mwenye binti wawili, mmoja kaolewa na mkulima wa bustani na mwengine na mfinyanzi, baba hajui aombe nini.

Hilo la mvua na jua ndilo tajiri kuliko yote kwa Pemba, na wanafunzi wasilipite. Msimu wa karafuu unagongana na mvua za vuli. Mwenye karafuu jamvini anahitaji jua kali siku nne tano mfululizo. Zikinyeshewa, au zikirundikwa mbichi zikapata joto, zinavunda, zinapauka na kuwa mpeta (karafuu duni), na bei yake inaanguka. Jirani yake katia mahindi na kunde za vuli na anatazama wingu kwa hamu. Msiwafanyie picha mbili. Wawekeni kwenye karatasi moja, wamepeana migongo, huyu na jamvi, yule na jembe, na juu yao wingu moja tu lililosimama katikati.

Wengine wa kufikiria: dalali wa viwanja anayeomba ndugu wasikubaliane kwenye mirathi, papasi (anayewaandama watalii kuwaongoza) anayeomba mgeni apotee vichochoroni Mji Mkongwe saa mbili kabla ya boti, dereva wa taksi anayetaka mvua na wa bodaboda anayeikataa. Mfanyabiashara wa maziko wa Kiingereza mwacheni huko huko, kwetu maziko ni ya jamaa na majirani, hakuna duka la kuzika. Aliye karibu naye ni muuza bafta, kitambaa cha sanda, na kichwa cha picha yake kipo tayari: Kufa Kufaana.

Na muuza jenereta. Hapa tuna tarehe: Unguja ilikaa gizani Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika. Dua yake ingekuwa kama hivi:

"Ewe Giza, bwana wa neema zangu! Sikuombi miezi mitatu kama ile, nisije nikaonekana mroho. Nipe wiki mbili tu, waya ule ule wa baharini, na uanze Ijumaa jioni mafundi wakishaondoka. Wanangu wanasoma, na jenereta kumi na mbili zinaota kutu stoo."

Maneno arobaini hivi. Msizidishe. Waingereza walikuwa wakijaza maandishi mengi, lakini wao walikuwa na sindano na shaba.

bint_ustadh

Maalim, wasiwasi wako ni wa haki na ungetangulia mambo mengine yote. Tazama tena hiyo ya muuza dawa: haombwi Mwenyezi Mungu, anaombwa Esculapius. Kwa njia hiyo kejeli inabaki kwa mtu na tamaa yake, ibada haiguswi. Ndugu wa Wete kafanya vivyo hivyo kwa kumfanya muuza jenereta amwite Giza. Shikeni kanuni hiyo katika picha zote nane: dalali aiite Mirathi, wa taksi aiite Mvua, muuza bafta aiite Mizani yake au Dhiraa yake.

Mengine manne. Mkao wa mtu usifanane na sala wala na kunyanyua mikono ya dua; aegemee kaunta, akumbatie jenereta, apigie magoti mashine ikiwa lazima. Kanzu na kofia muziache, mvalisheni nguo za kazi, vyenginevyo mtazamaji atasoma kwamba anakejeliwa shekhe. Na pasiandikwe bismillahi, aya, wala jina la Mwenyezi Mungu hata kwa kupamba, kwa sababu karatasi za majaribio zitatupwa na zitakanyagwa. Sura nazo zisifanane na mtu yeyote anayejulikana mtaani.

maalim_wa_rangi

Ahsanteni sana. Hilo la kumwita Giza limenifungulia mlango. Sasa upande wa mikono: tuna patasi ndogo zenye ncha za V na U, roli mbili za mpira, na linoliamu (lino, aina ya tandiko la sakafu linalochongeka) ya milimita 3. Tulijaribu kuchonga maneno na herufi zote zikavunjika.

fundi_chapa_mlandege

Zitavunjika tu. Kwenye shaba mstari unachimbwa, kwenye lino unachokiacha ndicho kinachochapa, kwa hiyo kila herufi ni kiukuta chembamba cha lino. Chini ya milimita 8 kwa urefu haisimami mikononi mwa mwanafunzi. Chongeni kichwa cha picha peke yake. Dua iandikwe kwa kompyuta na itolewe kwa printa ya leza kwenye karatasi zote kwanza, kisha ndipo mchape lino juu yake mahali palipoachwa wazi. Usigeuze mpangilio huo: leza inapasha karatasi moto, na wino wa mafuta usiokauka utaganda ndani ya printa. Mpangilio wa karatasi uwe kama kanga, mji (mchoro) katikati na jina (maneno) chini yake, macho ya watu wetu yameshazoea kusoma hivyo.

Ukubwa: lino ya A4 kwenye karatasi ya A3. Mchoro uchorwe kwa penseli laini, 4B, kwenye karatasi nyembamba, ulazwe kifudifudi juu ya lino na usuguliwe mgongoni. Unajigeuza wenyewe, na ukichapa unarudi sawa. Hata kichwa cha maneno kipitie njia hiyo hiyo. Mwanafunzi akijaribu kugeuza herufi kwa kichwa chake, N, S na Z zitamshinda.

Lino ikiwa ngumu iwekeni juani dakika tano kumi, italainika. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya ncha, kamwe usikae mbele yake, na chini ya lino pawe na ubao wenye kizuizi. Anza na mistari myembamba kwa patasi ya V, maeneo mapana yafuate kwa U. Ukianza na mapana, kingo za mistari zinakosa egemeo na zinabomoka.

Wino uwe wa mafuta. Sababu ni rangi: mkitaka kupaka rangi za maji kwa mkono kama wale wa zamani, wino wa maji utatapakaa kwenye brashi ya kwanza. Wa mafuta ukishakauka unaisukuma rangi ya maji. Tandaza wino kwenye kioo, kijiko kimoja cha chai kinatosha nakala mbili tatu, na pitisha roli mpaka usikie mlio mwembamba wa kunata. Ukisikia mlio wa majimaji, wino umezidi na utaziba mistari myembamba. Nakala mbili tatu za mwanzo huwa hafifu kwa sababu lino bado inanyonya. Hizo ni za majaribio, msizihesabu.

Kwa kuwa hamna mashine, karatasi iwe ya gramu 90 mpaka 120 kwa mita ya mraba, ilale kavu juu ya lino, na isuguliwe kwa mgongo wa kijiko cha mbao kutoka katikati kwenda nje. Inua pembe moja uangalie kabla ya kuibandua. Karatasi ya gramu 200 inapendeza lakini kwa kijiko itawatoa jasho na bado itatoka na mabaka meupe. Ili picha ikae pale pale kila mara, gundisheni kadibodi yenye pembe ya L mezani, lino ikae ndani yake na karatasi ifuate alama.

Kukausha: zianikwe kwenye kamba kwa vibanio, ndani, penye upepo, si juani. Kiangazi siku nne hivi. Wakati wa masika hesabuni mara mbili, na msizipange moja juu ya nyengine kwa kuwa mguso wa kidole umeonyesha kukauka. Sehemu nyeusi pana hukauka mwisho na zitanata mgongoni mwa jirani. Rangi ya maji ije baada ya hapo tu, nyepesi, maana karatasi ya gramu 120 ikilowa sana inajikunja.

shaba_na_wino

Naongeza la uhifadhi, kwa sababu hewa ya hapa ndiyo adui mkubwa. Unyevu ukipanda juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu inaanza na madoa ya kahawia yanafuata. Msizitie plastiki ya kubana kwa joto, na selotepu isiguse karatasi, gundi yake inageuka njano na haitoki tena. Mkitia kwenye fremu, wekeni kadi nene ya dirisha kati ya kioo na picha, kwani kioo kikitoka jasho wino unagandamana nacho. Nyuma ya fremu gundisheni vipande vya kizibo kwenye pembe mbili za chini ili upepo upite baina yake na ukuta, hasa kwenye kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ambazo zinapandisha unyevu kutoka chini.

Na hiyo ya duka la vitu vya kale, kabla ya kutoa pesa mwambie muuzaji aitoe kwenye fremu. Mgongo wa karatasi na ule mbonyeo wa bamba huvioni ukiitazama kupitia kioo.