Wembe wa pande mbili na vipele vya shingoni

Kondele, Kisumu: Wazee, nimehamia kishikio cha chuma cha kunyolea ndevu. Mashavu safi, shingo vipele tupu. Nakosea wapi?

Jibu: Usikandamize, uzito wa chuma unatosha. Laza kichwa cha kishikio shavuni, teremsha mkono mpaka makali yaguse ngozi. Hapo pembe ni kama nyuzi 30. Vuta sentimita 2 au 3 tu, kisha suuza.

Nakuru: Shida ni mwelekeo. Nywele za shingoni haziangalii upande mmoja. Papasa kwanza, unyoe zinakolala. Nywele za kipilipili ukizinyoa kinyume, ncha hukatikia chini ya ngozi, hujikunja, zinaota ndani. Afadhali upake povu upya, urudie kimshazari.

Jibu: Na wembe ukianza kuvuta nywele, tupa.